Kanyaga, Usiachie

Vijana wa gereji yetu pale Gongoni, Tabora mjini, waliniaga kwa pilau, kitenge na hotuba ndefu mno. Kila aliyesimama alisema nimefanya kazi kwa uaminifu, kana kwamba walikuwa wanatarajia niondoke na jeki. Walipomaliza wakasema, "Fundi Kalunde, na wewe tuachie neno." Nikawajibu kwamba mdomo umejaa nyama, nitaandika. Basi ndiyo haya. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwaje akamuulize mhasibu. Mimi naandika habari za breki, kwa sababu ndizo nilizozishika kuliko kitu kingine chochote duniani, hata watoto wangu.

Nilitoka chuo cha ufundi na cheti kipya na ovaroli iliyonipwaya. Gereji ya kwanza waliniambia nafasi zimejaa. Ya pili waliniambia wanatafuta mpishi. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Nasoro, Mungu amrehemu. Ukoo wake ni wa wale Waarabu wa mjini wenye asili ya Oman, watu wa kuuza vitambaa na mchele tangu enzi za babu zao, na yeye peke yake ndiye aliyependa grisi. Nasikia nduguze walimsikitikia kama mtu aliyepotelewa na akili.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Unaogopa kupanda gari ukiwa umefumba macho?"

Nikasema siogopi. Nilikuwa naogopa sana.

Akaniketisha siti ya nyuma ya gari la mteja, akanifunga macho kwa kilemba chake kilichonukia udi na dizeli, akaendesha kutoka mjini kuelekea kijiji cha Kwihara. Kila alipofunga breki alinitaka niseme nasikia nini na sauti inatoka gurudumu lipi. Nikasema kwa ujasiri mkubwa: mbele kulia. Akasimamisha gari, tukashuka, tukafungua magurudumu. Ilikuwa nyuma kushoto. Nilingoja aniambie nirudi nyumbani. Badala yake alicheka, akasema, "Masikio unayo, wallahi. Hayajapata kazi tu. Njoo kesho." Namshukuru kwa neno lile mpaka leo, kwa sababu kama na yeye angenirudisha, sasa hivi ningekuwa nauza maandazi, na maandazi yangu ni mabaya.

Kwa muda mrefu nilijifunza kusikia kabla ya kushika spana. Breki zikipiga filimbi nyembamba, mara nyingi pedi zimekaribia kwisha, na pedi nyingine zimewekewa kibati kidogo makusudi kipige kelele kumwita mwenye gari. Huyo anaitwa mapema, mfanyie haraka aende zake. Zikisaga kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, chuma kimekutana na chuma, na hapo hubadilishi pedi tu, utaiangalia na diski yenyewe. Gari likivutwa upande mmoja, gurudumu moja linashika na mwenzake limelala. Pedeli ikiwa laini kama unakanyaga mkate uliolowa, kuna hewa kwenye bomba. Na ukitaka kujua gurudumu ambalo breki yake imeganda haiachii, usilishike kwa mkono. Nyunyizia tone la maji kwenye rimu baada ya safari fupi. Likichemka umelipata, na ngozi ya kiganja chako bado ipo.

Lingine alilonifundisha Mzee Nasoro siku za mwanzo ni kutopuliza vumbi la breki. Nilipofungua gurudumu langu la kwanza niliinama nipulize, kama tunavyopuliza moto wa mkaa. Alinivuta kwa kola. "Vumbi lile si la kuvuta kifuani," aliniambia. "Lowesha, futa, tupa kitambaa." Wengine mnacheka ninapowafokea kwa jambo hili. Chekeni, lakini loweshani.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Nilichokipenda kuliko vyote ni chupa ya asali. Tabora haikosi chupa za asali. Unaiosha vizuri, unaikausha, unatia mafuta ya breki kidogo, unachovya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha ya pili unaichomeka kwenye nati ya kutolea hewa. Mwenzako anakanyaga pedeli, wewe unatazama mapovu. Mapovu yakiisha, hewa imeisha. Mteja mmoja mfugaji wa nyuki alipoona chupa yake ya biashara chini ya gari aliuliza kama tunayalisha magari asali. Mzee Nasoro akamwambia ndiyo, ndiyo maana ya wenzako hayaharibiki. Yule bwana alienda nyumbani akiwa na mashaka ya kweli, ikabidi nimkimbilie nimweleze, maana nilishawahi kuona watu wakitia mafuta ya alizeti kwenye tangi la breki, raba zote za ndani zikavimba.

Sasa niwaambie ugonjwa wetu sisi watu wa huku. Nchi yetu ni tambarare. Ukitoka hapa kwenda Urambo, Kaliua, mpaka Usinge, kitu kinachokupunguzia mwendo ni mchanga, ng'ombe, au ndugu yako aliyesimama kando ya barabara anakupungia. Mababu zetu walibeba mizigo ya misafara njia hizi hizi, na breki yao ilikuwa visigino. Basi nasi tumerithi kuamini kwamba breki ni pambo. Gari lenye breki nusu linaishi hapa kwa raha zake. Bomba la gurudumu moja likianza kuvuja porini, dereva analikunja kwa koleo, analigonga kwa nyundo mafuta yasitoke, anaendelea na magurudumu yaliyobaki. Kufanya hivyo ili ufike penye fundi, naelewa. Tatizo ni kwamba akifika, gari linasimama vizuri tu, kwa sababu hakuna kilima cha kulijaribu. Anasahau. Siku anapopata safari ya mbali yenye milima, bomba bado limekunjwa.

Mzee Nasoro alikuwa na sharti moja kwa ajili ya ugonjwa huo. Zamani, kabla sijafika, alimwambia mteja kwamba breki zake hazifai, mteja akasema atarudi, akaondoka, akafa njiani. Mjane alikuja gereji na watoto akauliza swali moja tu: "Kwa nini hukutuambia sisi?" Tangu hapo, mteja ambaye breki zake ni mbovu na hataki zitengenezwe alitakiwa amlete mtu mmoja wa nyumbani kwake, asikie kwa masikio yake kutoka kinywani mwa fundi. Gari si letu, hatuna haki ya kulizuia. Lakini funguo ilikabidhiwa mbele ya mtu atakayelia. Mji mzima ulilijua sharti hili, na wengi walilitania. Niseme ukweli, lilitengeneza breki nyingi kuliko spana zetu zote. Wanaume wengi waliona heri breki zitengenezwe kuliko kumleta mke gereji akasikie.

Mzee alipofariki, wanawe waliendelea na gereji, nami nikabaki mkuu wa breki na mlinzi wa sharti. Na hapo ndipo ninapofika kwenye Ijumaa moja ambayo sijaisahau.

Leonidas alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mkulima wa Ulyankulu. Familia yao ilitoka Burundi ikaanza upya huku kwa jembe, wakalima mpaka wakanunua basi dogo. Alilitumia kuleta watu na mahindi mjini. Asubuhi ile alikuja amevaa shati jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umependeza?"

"Mdogo wangu Nestori anaoa kesho Kigoma. Nawapeleka ndugu na wanakwaya, wote wako kwa shangazi hapo nyuma wanapiga pasi. Breki inapiga filimbi kidogo tu, nitolee hiyo kelele. Saa nane tunaondoka."

Filimbi ilikuwa pedi za mbele, kazi ndogo. Nikabadilisha zote mbili za kulia na zote mbili za kushoto, kwa sababu magurudumu ya mbele ni kama miguu, huvai kiatu kipya mguu mmoja. Nilipomaliza nikawasha injini, nikafanya nililofanya kwa kila gari maisha yangu yote. Nikakanyaga pedeli bila kuachia. Ilikaza vizuri. Kisha, taratibu sana, ikaanza kuzama chini ya mguu wangu mpaka ikagusa sakafu.

Vijana, hii ndiyo hatari inayojificha kuliko zote. Hakuna tone linaloonekana chini, mafuta kwenye tangi yako palepale. Ni pampu kuu ya breki, raba zake za ndani zimechoka, mafuta yanapita pembeni badala ya kusukuma. Ukikanyaga na kuachia mara moja huwezi kujua. Ni mpaka ukanyage kwa muda, na hapa kwetu hakuna anayekanyaga kwa muda. Nikaingia uvunguni, nikakuta na bomba la nyuma kushoto limekunjwa na kugongwa.

"Leonidas, hili bomba nani alilikunja?"

"Mimi mwenyewe. Lilivuja tukiwa porini na magunia. Nikalikunja ili nifike nyumbani."

"Ukafika?"

"Nikafika."

"Na ulipofika?"

Akatazama pembeni. "Liliendelea kushika, mama. Nikasahau. Na hiyo pedeli naijua, naipampu mara mbili inapanda. Nimeendesha hivyo tangu mavuno."

Baadaye nikamweleza kwamba pampu ile hapa mjini haipo, nimeshauliza duka kwa duka, itabidi iletwe na basi kutoka Mwanza, kesho. Kubadilisha raba zake peke yake hakutasaidia, kwa maana nilishaifungua nikakuta chuma chenyewe kimekwaruzwa, nikairudisha kama ilivyokuwa. Basi la Kigoma la asubuhi lilishaondoka, na la kesho lilikuwa limejaa. Akaelewa yote. Akasema atakwenda polepole, kwa gia ndogo. Nikamwambia sharti.

Alicheka, halafu akafikiri. Alikuwa mjanja. Hakumleta mkewe. Alimleta mama yake mzazi, kwa sababu hakukuwa na mtu duniani aliyeitaka ile harusi kama yule mama. Nestori ndiye kitindamimba wake. Baba yao hakuwepo tena, na mama ndiye ambaye angeingia na kijana kanisani.

Alikuja na kitenge kipya, mwembamba, amesimama wima kuliko sisi sote. Nikamwamkia, nikamweleza kwa maneno mepesi niwezavyo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi mambo ya vyuma siyajui. Ninachojua, kesho asubuhi mtoto wangu anaoa. Na mimi napanda humo humo. Kama ni kufa, tutakufa wote, Imana, Mungu wetu, anatuona."

Leonidas akanyoosha mkono nimpe funguo.

Nilikwama. Sharti la Mzee Nasoro liliwekwa kwa ajili ya mtu atakayebaki nyumbani alie. Huyu alikuwa anapanda gari. Nilikuwa nimetimiza kila kilichotakiwa na bado watu wale wangekwenda kwenye ile miteremko ya kuingia Kigoma na breki ya kupampu. Niliwafikiria wale waliokuwa wanapiga pasi.

"Mama," nikamwambia, "nakuomba jambo moja kabla sijatoa funguo. Ingia ukae pale kwa dereva."

Akavua ndala zake akaziweka vizuri chini, kama anaingia nyumbani kwa watu. Nikawasha injini, nikamwonyesha pedeli.

"Kanyaga, mama. Usiachie."

Akakanyaga. Ikakaza. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Ngumu," akasema.

"Usiachie. Hebu niambie, huyu Nestori alikuwa mtoto wa namna gani?"

Uso wake ukafunguka. Akasema Nestori alikuwa mtoto wa kulia usiku, hakubali kulala mpaka ashike sikio la mama yake, na hata alipoanza shule alikuwa akirudi na homa anakuja kushika sikio. Akasema mkwe mwenyewe amemwona mara moja tu, binti mpole, na amemwandalia... Akainamisha kichwa akautazama mguu wake.

"Inaondoka," akasema.

"Umeachia?"

"Sijaachia! Nakanyaga kwa nguvu zangu zote." Mguu wake ulikuwa umefika sakafuni. Akamgeukia Leonidas. "Huko Kigoma kuna mteremko?"

Leonidas akaanza kufuta kioo kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Nakuuliza wewe."

"Upo, mama."

"Unakanyaga muda mrefu, au mfupi?"

"Mrefu, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mama akazima gari kwa mkono wake, akachomoa funguo, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akalia, bila sauti, akiwa bado amekaa pale kwa dereva. "Mpigie mdogo wako," akasema. "Mwambie wafunge ndoa. Mama yake haji."

Sikufurahi hata kidogo. Nataka mjue hivyo, kwa sababu mnaweza kudhani fundi akiwa sahihi anajisikia vizuri. Nilitamani kwa moyo wote niwe nimekosea.

Siku iliyofuata yule mama alikuja gereji asubuhi amevaa nguo zake za harusi. Akaomba kiti, akakaa karibu na basi lao na rozari mkononi, wakati mimi nikiwa uvunguni navuta bomba jipya la nyuma. Saa ya misa ilipofika ndugu mmoja kule Kigoma akaishika simu juu ili tusikie. Tulisikia kwaya, tukasikia padri akianza kumuuliza Nestori, na mtandao ukakata. Leonidas alipiga tena na tena bila mafanikio. Mama akaendelea na rozari yake. Sote gerejini tulifanya kazi bila hata kugonga nyundo.

Pampu ilifika jioni. Tukaifunga, tukatoa hewa mpaka mapovu yakaisha, tukaenda kujaribu barabara ya Kwihara mara kadhaa, nikimlazimisha Leonidas akanyage na kushikilia mpaka mguu ukamtetemeka. Alfajiri ya Jumapili wakaondoka. Leonidas hakuniaga. Alifumbata funguo mkononi akapanda.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nililotaka kuwaachia. Daktari anaona mgonjwa wake amepona. Mwashi anaona nyumba imesimama. Fundi breki haoni kitu. Ajali ambayo haikutokea haina picha wala mashahidi. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba huenda Leonidas angeweza kufika kwa gia, polepole, salama salimini, na mama angeingia kanisani na mwanawe. Inawezekana kabisa. Sitajua kamwe, nanyi hamtajua kwa magari yenu. Mtafanya uamuzi, mwenye gari atanuna, na kitakachofuata ni siku ya kawaida tu. Nashukuru kwamba nimepewa siku za kawaida nyingi kiasi kile, na nashukuru kwa kila mteja aliyeninunia akiwa mzima.

Jumapili ile jioni nilikuwa uani nachambua mchele, simu ikalia. Alikuwa Leonidas. Kulikuwa na makelele mengi nyuma yake.

"Mama, tumefika."

"Alhamdulillahi. Ule mteremko?"

"Tulikuta lori limekwama mshazari njiani, katikati kabisa. Nilikanyaga, nikashikilia. Haikuzama."

Halafu akasema, "Asante, mama. Ngoja, kuna mtu anaitaka simu."

Ilikuwa sauti ya mama yake, anapiga kelele kama vile watu wa Kigoma na Tabora wanaongea kwa kuitana. "Fundi! Jana walifunga ndoa bila mimi, na leo Nestori amewakatalia watu wote wasiondoke! Bibi harusi amevaa shela tena, mwanangu, amelivaa tena kwa ajili yangu! Jana walichezewa ngoma wao. Leo wananichezea mimi! Unasikia? Ngoja nikushikie simu usikie."

Akaishika simu juu. Nikasikia ngoma, na vigelegele, na miguu mingi ikipiga ardhi. Niliweka ungo chini nikalia kwa furaha bila aibu yoyote, majirani wananitazama, nikasikiliza mpaka salio lao likaisha.